SOMO: PIKIPIKI KUBWA YA SAFARI NA MNUNUZI MWENYE MVI



Ukurasa huu wa masomo huwa unatoa habari za shamba: palizi, uchumaji, uanikaji. Mwezi huu twaomba radhi kwa kutoka nje ya shamba, illa hatutoki nje ya milango ya nyumba zetu. Jambo tutakalolieleza lilimfika mtu wetu wa karibu, na twajua limekwisha kubisha hodi katika mioyo ya wengine, khasa wenye ndugu Uingereza na wale wanaokaribia kurudi kutoka huko na kiinua mgongo mkononi. Jambo lenyewe ni tamaa ya mtu mzima kununua pikipiki kubwa ya safari iliyokwisha kutumiwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 tulikuwa Uingereza kumtazama binti yetu. Karibu naye anakaa shemeji yetu, mwenyeji wa Wete, aliyekwenda huko kijana na akaendesha mabasi ya abiria mpaka alipostaafu. Wakati huo alikuwa na miaka 66, na sisi 64. Shemeji huyu alipokuwa Pemba alikuwa na Honda 90, akipakia gunia la karafuu nyuma na kulipeleka kituoni, na hata leo akiitaja Honda ile utadhani anamtaja mtu. Jioni moja alituonyesha picha katika simu yake: Honda ST1300, ile waiitayo Pan European, ya mwaka 2005, rangi ya fedha, na masanduku yake matatu. Mwenyewe alikuwa mmoja tu tangu ilipotoka dukani, na bei ni paundi 2,800. Akatuuliza, "Waionaje, shemeji?" Tukamwambia ni nzuri mno. Kwa kweli tulikwisha kujiona tumepanda nyuma. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Kwa faida ya wasiozijua, pikipiki za namna hii ziko baina ya pikipiki ya mashindano na pikipiki ya safari ndefu. Injini yake ni kubwa, aghalabu baina ya sentimita za ujazo 800 na 1400. Mbele ina ngao ya plastiki na kioo cha kukinga upepo, na pembeni ina masanduku yanayofungwa kwa ufunguo. Mpandaji huinama kidogo mbele, si kama wa mashindano, wala hakai wima kama aliye kitini. Katika za mwanzo yahesabiwa BMW R100RS ya mwaka 1976. Baadaye zikaja Kawasaki GTR1000 mwaka 1986, Honda ST1100 mwaka 1990, Yamaha FJR1300 mwaka 2001, Honda ST1300 mwaka 2002 na Kawasaki 1400GTR mwaka 2007. Nyingi katika hizi hazina cheni; nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma na shafti, kama propela ya gari, kwa hiyo hakuna cheni ya kupaka mafuta wala kukaza. Tangi la ST1300 lachukua lita 29, na mtu akiondoka asubuhi aweza kukata kilomita mia nne na zaidi kabla ya kutafuta petroli. Injini zake zimepata sifa ya kudumu, nayo ni sifa ya haki. Pikipiki yenye maili 60,000 iliyotunzwa vyema haijachoka.

Basi mtu atauliza: ikiwa ni nzuri hivyo, kwa nini inauzwa bei ya vespa mpya? Hapa ndipo penye somo, nasi twaomba msomaji asipite mbio.

Sababu ya kwanza ni mapenzi ya watu kubadilika. Tangu BMW ilipotoa R1200GS mwaka 2004, wanunuzi wengi wa Ulaya wamependa pikipiki ndefu zenye sura ya kwenda porini, hata kama mwenyewe haendi mbali kuliko sokoni. Zile za safari za zamani zikabaki na wapenzi wachache, na bei zikashuka. Sababu hii haina ubaya kwa mnunuzi. Ni bahati yake.

Sababu ya pili ni nyingine. Waliozinunua zilipokuwa mpya walikuwa watu wa makamo, na sasa wamezeeka. Huko Marekani chama cha wafanyabiashara wa pikipiki kilihesabu kwamba umri wa katikati wa wenye pikipiki ulikuwa miaka 32 mwaka 1990, na kufika mwaka 2018 ukawa miaka 50. Watu hawa wamekwenda na pikipiki zao wakizeeka pamoja, hata siku ikafika mmoja wao hawezi tena kumshika mwenziwe. Kwa hiyo aonapo mtu tangazo linalosema "mmiliki mmoja, imetunzwa, inalala ndani", ajue kwamba anayeuza huenda ni mtu wa rika lake, na kwamba sababu ya kuuza yaweza kuwa imo katika mwili wa mnunuzi pia, illa hajakutana nayo. Swali la kwanza kumwuliza muuzaji, kabla ya maili na kabla ya bei, ni hili: bwana, kwa nini waiacha?

Sisi hatukuliuliza. Tulikwenda siku ya Jumamosi, sisi wawili, tukamkuta mzee wa miaka 71, mpole, ametuwekea chai mezani na daftari la matengenezo kando yake. Kila stakabadhi ilikuwamo, tangu oili ya kwanza. Tulifanya ukaguzi kwa utaratibu, na twautaja hapa kwa sababu utamfaa hata anayenunua pikipiki ndogo.

Tulianza na karatasi. Uingereza pikipiki iliyopita miaka mitatu kwa kawaida hukaguliwa kwa sheria mara moja kwa mwaka, na mtu yeyote mwenye namba ya usajili aweza kusoma matokeo: ilifaulu au ilishindwa, na ilikuwa imekwenda maili ngapi. Kwa njia hii si rahisi mtu kuirudisha nyuma saa ya maili. Tukalinganisha na namba ya fremu, ambayo ina herufi na tarakimu 17, iliyopigwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye kitabu. Zote zilikubaliana. Lakini tuliona neno moja tukalifurahia kwa ujinga: katika miaka mitatu ya mwisho pikipiki ile ilikuwa imekwenda maili 400 tu. Tulidhani ni faida. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba maili hazikuwa nyingi kwa sababu mzee alikuwa ameanza kuiogopa.

Kisha tukatazama mipira. Ubavuni mwa kila mpira mna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ile ilisomeka 1415, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2015. Kashata zake zilikuwa nzima na mpira unang'aa, lakini ulikuwa na miaka minane, nao mpira wa umri huo huwa mgumu na hushika vibaya njia iliyorowa. Mnunuzi asidanganywe na kashata. Na atie bei ya mipira miwili mipya katika hesabu yake.

Breki za ST1300 zimeungwa, ukivuta ya mkono na gurudumu la nyuma hushikwa pia. Ni jambo jema, lakini kubadilisha mafuta ya breki ni kazi ndefu kuliko katika pikipiki ya kawaida, na mafuta hayo hayangoji maili. Huharibika kwa miaka. Kadhalika mabomba ya maji yaliyojificha ndani kabisa ya injini, ambayo fundi hayafikii mpaka afungue nusu ya ngao. Wazee walisema rahisi ni ghali. Mtu ananunua kwa paundi 2,800, lakini fundi hatozi kwa bei uliyonunulia. Hutoza kwa saa, na saa zake ni za pikipiki ya bei kubwa.

Kila aina ina maradhi yake. BMW za RT za tangu 2001 hadi 2006 hivi nyingi zina breki zinazosaidiwa na pampu ya umeme, na pampu hiyo ikifa ni hasara kubwa. R1200RT za mwaka 2014 mwenye kiwanda aliwaambia wenyewe wasiziendeshe mpaka shokapu ya nyuma ibadilishwe, kwa hiyo ulizia kama yako ilibadilishwa. Yamaha FJR za mwanzo baadhi yake zilikula mahali valvu zinapopita. Honda VFR800 inajulikana kwa kuunguza kile kisanduku kinachopima umeme wa kuchaji betri. Na hiyo ST1300 yenyewe, mwaka 2007, baada ya uchunguzi wa kifo cha askari kilichotokea 2005, baadhi ya vikosi vya polisi vya Uingereza viliiondoa kazini kwa sababu ya kuyumba katika mwendo mkubwa. Pikipiki ya polisi hubeba mizigo mingi na huendeshwa kwa kasi isiyo ya raia, lakini mwenye kupenda kujaza sanduku la nyuma na kukimbia alikumbuke hilo.

Basi tulikagua yote haya, tukaridhika, tukanywa chai. Kilichobaki ni kuipanda.

Uzito wa ST1300 ikiwa na mafuta ni zaidi ya kilo 320. Mwanachama achukue magunia sita ya kilo hamsini hamsini, ayafunge pamoja, ayasimamishe juu ya magurudumu mawili, na bado atakuwa amepungukiwa. Honda 90 ya shemeji haikuwa na uzito hata wa magunia mawili. Kweli, ikishakwenda huusikii uzito huo. Ikienda ni ngalawa yenye upepo. Ikisimama ni jahazi lililokwama mchangani. Na pikipiki hazianguki sana zikiwa mbioni kwa mtu mzima mwenye akili. Huanguka uani, kwenye kituo cha petroli, penye mteremko mdogo, wakati wa kugeuza.

Shemeji alirusha mguu ili apande, kisigino kikagonga sanduku la pembeni. Akarudia. Mara ya pili mguu ulipita, lakini tulimwona akiuma meno, kwani nyonga yake ya kulia ina maumivu ambayo hayasemi. Mzee mwenye nyumba akageuza uso akatazama maua. Shemeji akaanza kuisukuma nyuma kwa miguu ili aitoe bandani. Chini palikuwa na kokoto na majani yaliyorowa. Mguu wa kulia ukateleza, na pikipiki ikainama upande tuliosimama sisi.

Tuliidaka. Twaeleza haya kwa aibu ili mwingine asifanye vivyo hivyo: ikishainama kupita kiasi fulani, nacho ni kiasi kidogo sana, hakuna mwanadamu wa kuizuia, na anayejaribu huvunja mgongo au mguu. Tulikuwa wawili, miaka yetu ukiijumlisha ni 130, na tulifaulu kuifanya ianguke polepole tu. Shemeji alichomoa mguu salama. Pikipiki ina vyuma vya kujikinga ubavuni, na kioo chake cha pembeni kimetengenezwa ili kichomoke badala ya kuvunjika. Kwa hiyo hasara ilikuwa mchubuko mmoja. Mkono wetu wa kushoto uliuma wiki tatu.

Mzee hakufoka. Alikuja akatufundisha kuiinua, nasi twaandika alivyofanya. Kwanza alizima injini. Kwa kuwa imelalia kulia, alitoa kabisa stendi ya pembeni, ambayo iko kushoto, ili ikiinuka isipitilize na kuangukia upande wa pili. Aliitia giya isibingirike. Kisha akaipa mgongo, akaweka makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, mgongo umenyooka, akasukuma kwa miguu, akienda kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Sisi tulisaidia. Ikasimama. Akapumua, kisha akasema kwamba mwezi wa Mei ilimwangukia pale pale, akaita jirani, na usiku huo ndipo alipoandika tangazo.

Huko kurudi nyumbani shemeji hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nimeendesha basi la tani kumi." Tukamjibu kwamba basi halimwombi dereva alishike lisianguke.

Wanachama, hatusemi kwamba mtu akifika miaka 60 aache pikipiki. Mchumaji hodari akizeeka hapandi tena kileleni. Huchuma matawi ya chini na kuwaachia vijana ya juu, wala hakuna amwambiaye kwamba si mchumaji. Lakini yafaa ajue ni lini. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2013, juu ya majeruhi wa pikipiki wa miaka 2001 hadi 2008, ulionyesha kwamba waliopita miaka 60 walilazwa hospitali kwa kiasi cha mara tatu ya wale wa miaka ishirini na thelathini na kitu. Si lazima kwamba wao huendesha vibaya zaidi. Mfupa wa mzee huvunjika pale wa kijana unapochubuka, na mwenye kisukari au presha huchelewa kupona. Tena kuna dawa za presha zinazomtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafla. Mwenye kuzinywa amwulize daktari kabla ya kumwuliza muuza pikipiki. Kuna shingo isiyogeuka vyema kutazama nyuma, na macho yanayopungua wakati wa magharibi. Uingereza leseni ya udereva huisha mtu afikapo miaka 70, na baada ya hapo huombwa upya kila miaka mitatu. Serikali imengoja mpaka 70. Mwili haukuahidi kungoja.

Kwa hiyo anayetaka kununua, na ajipime yeye kama anavyoipima pikipiki. Aipande na masanduku yakiwa yamefungwa, siyo yametolewa kama wauzaji wanavyopenda. Aisimamishe kwenye stendi ya katikati peke yake. Kazi hii ni ya uzito wa mwili juu ya mguu, si ya mikono, na akishindwa baada ya kuonyeshwa, basi amejibiwa. Aisukume nyuma mahali penye mteremko mdogo, mwenye nguvu akiwa upande wa pili. Aizungushe usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Kisha aombe kuiendesha saa nzima, si dakika kumi, kwa kuwa viganja na mgongo husema ukweli baada ya dakika arubaini. Muuzaji akikataa, mpe haki yake, na wewe nenda zako.

Wala si lazima mtu kukosa yote. Ziko pikipiki za safari zilizo nyepesi, nazo pia zimeshuka bei. BMW F800ST ya tangu 2006 ina uzito wa kilo 210 hivi na huendeshwa na mkanda badala ya cheni. Honda NC700X ya tangu 2012 haipiti kilo 220 kwa mengi, na tangi lake limewekwa chini ya kiti, kwa hiyo uzito u chini, na mahali pa tangi mna nafasi ya kutia kofia ya chuma. Tofauti na ST1300 ni kilo mia moja, yaani magunia mawili yameshushwa. Mbio zake ni ndogo zaidi, lakini tungependa kumjua mzee anayezihitaji hizo nyingine.

Na lile la kuileta Pemba, ambalo shemeji alikuwa nalo moyoni tangu mwanzo, lilikuwa rahisi kulijibu. Tangi la lita 29 lingempeleka Mkoani mpaka Konde na kurudi mara kadhaa kabla hajatia tena. Lakini mpira wa kipimo chake, kipande cha ngao kikivunjika, au kile kioo kinachochomoka, vyote vingengojwa kutoka nje. Na njia ya kuingia shambani kwao, mvua za masika, hata Honda 90 ilikuwa ikisukumwa.

Shemeji alinunua NC700X mwezi wa Machi uliofuata. Anapanda bila kugonga kisigino, anaisukuma mwenyewe, na majira ya joto alikwenda nayo Wales siku mbili akarudi salama. Ile ST1300 iliuzwa siku kumi na moja baada ya sisi kuiangusha. Mzee alimpigia simu shemeji kumjulisha, kwa adabu, kwamba imekwisha kuchukuliwa, na mnunuzi ni bwana mmoja mwenye miaka 68. Picha yake shemeji bado anayo katika simu.